Kizazi Kipya cha Gemu Huanza Lini Arua?

Mwezi Oktoba 2025 Mark Cerny, mhandisi aliyesanifu PlayStation 4 na PlayStation 5, alitoa video pamoja na mkuu mmoja wa kampuni ya AMD, akaeleza teknolojia anayotamani kuiona ndani ya mashine ya miaka michache ijayo. Miezi minne kabla yake Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba AMD hiyohiyo itaitengenezea vichakataji vya Xbox inayofuata. Tangu hapo watu wa gemu wanabishana: je, wachezaji wanakitaka kweli kizazi kipya? Wabishi wengi wana picha moja kichwani, ya kijana aliye peke yake sebuleni, mwenye televisheni yake na kadi ya benki. Picha hiyo haifiki mbali West Nile, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Uganda. Katika miji yake ya Arua na Koboko, kama katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mashine ya gemu ni kitega uchumi: mwenye kibanda huinunua, wateja hulipia mechi, na aliyefungwa humpisha anayesubiri. Ukiitazama historia ya mashine hizi kutoka kwenye benchi la kibanda, utaona kwamba siku ya uzinduzi huko Japani au Marekani haina uzito mkubwa. Siku yenye uzito ni ile ambayo gemu ya mpira inaacha kutolewa kwa mashine ya zamani, na kati ya siku hizo mbili hupita miaka kumi na zaidi. Wachezaji wanataka kipya, sana tu. Lakini kipya wanachokitaka ni kikosi cha msimu huu.

Tuanze na barabara na umeme. PlayStation ya kwanza ilitoka Desemba 1994, wakati ambapo safari ya kwenda West Nile kupitia Karuma na Pakwach ilikuwa ya roho mkononi kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa LRA. Ndani ya mkoa wenyewe, kundi la waasi la UNRF II lilisaini mkataba wa amani na serikali mjini Yumbe Desemba 2002, PlayStation 2 ikiwa na umri wa karibu miaka mitatu. Arua iko kilomita kama 500 kutoka Kampala, na Koboko ni kilomita 50 na ushei mbele yake, kwenye njia ya Oraba na Sudan Kusini. Gridi ya taifa haikufika huko. Kampuni ya WENRECO ilikabidhiwa kazi ya kuupatia mkoa umeme mwaka 2003, ikategemea jenereta ya mafuta mazito mjini Arua. Kituo cha umeme wa maji cha Nyagak karibu na Paidha, chenye megawati 3.5, kilianza kuzalisha mwaka 2012. Na gridi yenyewe iliunganishwa mwaka 2024. Kwa miaka yote hiyo, aliyetaka kuwasha kitu saa alizozitaka mwenyewe alihitaji jenereta yake. Mafuta yalipatikana kando ya barabara kwa wale vijana wa Arua waliojulikana kama Opec Boys, waliouza kwa jerikeni petroli iliyovushwa kutoka Kongo. Katika mazingira hayo wati ni gharama ya biashara kama kodi ya chumba.

PS2 nyembamba iliyotoka 2004 hula chini ya wati 50. PS5 ikichezeshwa gemu nzito hukaribia 200. Tofauti hiyo pekee ingetosha kueleza mengi, lakini PS2 ilikuwa na sifa nyingine. Ilisoma DVD, kwa hiyo mashine iliyochezesha mpira mchana iliweza kuonyesha filamu usiku, na Uganda ilikuwa na desturi ya vibanda vya video, na watafsiri wake wanaopaza sauti juu ya filamu, kabla gemu hazijaenea. Haikuomba intaneti. Kadi yake ndogo ya kumbukumbu, ya megabaiti 8 tu, ilimwezesha mtu kuhamisha ligi yake yote kutoka mashine hii hadi ile. Fundi aliweza kuifungua, kulisafisha jicho la leza vumbi la kiangazi, na kuirudisha mezani ikiwa inafanya kazi. Na ikishawekwa chipu, ilisoma diski iliyonakiliwa. Hilo nitalirudia, maana si jambo la kusifia bila kulipima. Sony inasema iliuza PS2 milioni 160 duniani, idadi ambayo hakuna mashine yake nyingine iliyoifikia. Utengenezaji ulikoma mwanzoni mwa 2013, lakini mwaka huohuo FIFA 14 na Pro Evolution Soccer 2014 bado zilitolewa kwa PS2. Kampuni kubwa hazitoi gemu kwa huruma. Zilijua kuna watu bado wamekaa mbele ya mashine ile.

Na hawakuondoka hata diski zilipokwisha. Nchini Brazil, waundaji wa Bomba Patch waliendelea kuingiza wachezaji na jezi za msimu mpya ndani ya gemu kuukuu ya Konami, watengenezaji wa Pro Evolution, miaka mingi baada ya Konami wenyewe kunawa mikono. Jambo hilo linatupa jibu safi kuliko dodoso lolote. Mashine ni ileile, picha ni zilezile, nyasi za uwanja ni za mwaka 2006. Kilichobadilika ni majina mgongoni, na watu wanaridhika. (Kwa njia hiyo hata Onduparaka, timu ya Arua iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, ingeweza kuingizwa na yeyote mwenye subira na kompyuta. Kwa mlango wa EA Sports, watengenezaji wa FIFA, itasubiri sana.)

Hebu tuhesabu kwa kalenda ya mpira. PS2 ilizinduliwa 2000 na FIFA yake ya mwisho ikatoka 2013, miaka kumi na mitatu. PS3 ilizinduliwa 2006 na FIFA yake ya mwisho, FIFA 19, ikatoka 2018, miaka kumi na miwili. PS4 ilizinduliwa Novemba 2013, na Septemba 2025 EA Sports FC 26 ikatolewa kwa PS4 pamoja na PS5. Miaka kumi na miwili tena. EA iliachana na jina la FIFA mwaka 2023, lakini haikuachana na wateja wa mashine ya zamani. Mwendo huu unafanana mno kuwa bahati tu. Kuna kizazi cha matangazo, kinachodumu miaka sita au saba, na kuna kizazi cha matumizi, kinachodumu karibu mara mbili yake. West Nile inaishi kwa kalenda ya pili. Wala haiko peke yake: katika taarifa yake kwa wawekezaji ya mwaka 2024, Sony ilionyesha kwamba watumiaji wa kila mwezi wa PS4 walikuwa sawa na wa PS5, takriban milioni 49 kila upande, zaidi ya miaka mitatu baada ya PS5 kuingia sokoni. Hao hawakuwa wa Koboko. Miongoni mwao walikuwemo watu wa nchi tajiri waliokuwa na fedha ya kununua na hawakuona haraka.

Atakayenipinga kwanza atasema haya yote ni umaskini uliovikwa nadharia: mpe mwenye kibanda fedha, uone kama hatanunua PS5 kesho. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini hesabu yake huwa haifanywi. Tuchukue mfano. PS5 ya dola 550, bei ya Agosti 2025, ilikuwa kama shilingi milioni mbili za Uganda. Mechi ikiwa shilingi 500, inahitaji mechi 4,000 kurudisha bei hiyo. Kibanda chenye mechi thelathini kwa siku kitazifikisha kwa miezi minne na nusu hivi, kabla ya umeme, kodi, usafiri na VAT ya asilimia 18. Ni mzigo, lakini si mzigo wa kumshinda mfanyabiashara wa mji wa mpakani aliyezoea kufunga mtaji ndani ya mali. Kinachomzuia ni kwamba mechi kwenye PS5 haiuzwi ghali vya kutosha kufidia, kwa sababu mteja analipia mpinzani aliye ubavuni mwake na vikosi vya msimu, na vyote viwili anavipata kwenye PS4.

Kuna badiliko jingine la bei ambalo naona halijazungumzwa vya kutosha. Zamani kungoja kulikuwa na faida. PS2 ilianza kwa dola 299 nchini Marekani mwaka 2000 na kufikia dola 99 mwaka 2009. Kila mwaka wa subira ulipunguza kitu, na masoko ya mwisho kufikiwa yalinunua kwa bei ya mwisho. PS5 ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, na Agosti 2025 Sony ikaipandisha hadi 549.99. Mashine ya miaka mitano imekuwa ghali kuliko ilipozaliwa. Kwa mkoa uliojengea utamaduni wake wote wa gemu juu ya kusubiri, hilo ni badiliko kubwa kuliko wingi wa picha kwa sekunde.

Hata hivyo bei siyo ninayoiona kuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo ni ruhusa. Orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network haina Uganda. Haina Kenya wala Tanzania pia. Anayefungua akaunti Arua hulazimika kujiandikisha kama mkazi wa nchi nyingine. Mei 2024 dunia ilionjeshwa kidogo uchungu wa hali hiyo: Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, na Sony ikalegeza msimamo baada ya kelele za siku chache. Kelele hizo zilikuwa za wanunuzi waliokwisha kulipa. Kwa Afrika Mashariki hali hiyo ilikuwepo miaka yote na haikuwa habari. Kisha kuna diski. PS5 nyembamba ya mwishoni mwa 2023 ina kisomeo cha diski kinachobanduliwa, na kisomeo hicho lazima kiidhinishwe kwa intaneti kinapofungwa. PS5 Pro ya Novemba 2024 inauzwa bila kisomeo kabisa. Mashine iliyokuwa mali ya aliyeinunua, ambayo fundi wa mtaani angeweza kuifufua, imekuwa kitu kinachopiga hodi kwa mwenyewe wa mbali kabla ya kufanya kazi.

Mtu atasema intaneti ipo: mkongo wa taifa umefikishwa hadi Arua, Koboko na Yumbe. Ndiyo, umefika. Lakini mwenye kibanda hununua data kwa bando, na tangu Julai 2021 data Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12. Gemu moja ya kisasa inaweza kuwa gigabaiti hamsini au zaidi, na masahihisho yake huja bila kuomba. Diski moja inayozunguka kutoka kibanda hadi kibanda ilibeba mzigo huohuo bila senti ya data.

Pingamizi zito zaidi ni la simu. Kwa nini kuzungumzia mashine, ikiwa kijana wa Koboko ana simu mfukoni na gemu ya mpira ndani yake? Konami yenyewe iliuacha mtindo wa zamani mwaka 2021, ikaibadili Pro Evolution kuwa eFootball, ya bure, inayochezwa hata kwenye simu. Nakubali kwamba kwa kucheza peke yako simu imeshinda, na huenda ndiyo kizazi kipya pekee kilichofika West Nile bila kuchelewa. Haijashinda kwenye benchi. Kibanda kinauza ubishi, mashahidi, na pedi mbili zenye uzito sawa mikononi. Mchezo wa watu wawili waliokaa bega kwa bega haujapata nafasi yake kwenye kioo cha inchi sita.

Nilisema nitarudi kwenye diski za kunakili. Ni kweli kwamba PS2 yenye chipu haikumlipa chochote aliyetengeneza gemu, na kampuni zinazochuma kwenye gemu kuliko kwenye mashine hazina sababu ya kuhesabu wateja wasioonekana kwenye vitabu vyao. Anayetaka ahudumiwe lazima mahali fulani alipe. Lakini duka la mtandaoni lingekuwa dirisha la kulipia, na dirisha hilo halijafunguliwa Uganda hadi leo. Katika mzunguko huo wa nani aanze, naona mwenye dirisha ana nafasi ya kuanza kuliko mwenye sarafu.

Kwa hiyo siku EA itakapotoa gemu yake ya mwisho kwa PS4, vibanda vya Arua na Koboko vitahama, vichelewe kidogo kama vilivyochelewa mara zote. Vitahamia wapi ni rahisi kubashiri. PS5 zilizotengenezwa kati ya 2020 na 2023, zile nene zenye kisomeo kilichojengewa ndani, hucheza diski bila kumwomba mtu idhini. Zitakuwa zimetumika na zitahitaji kusafishwa. Mwenye kibanda mwenye hesabu ataitafuta hiyo hata kama mpya nyembamba iko rafuni kwa bei ileile.