Jeraha la mahali palipotolewa kipandikizi

Jeraha la mahali palipotolewa kipandikizi ni kidonda kinachobaki pale daktari alipochukua ngozi, msuli au mfupa wa mgonjwa mwenyewe ili kuziba pengo usoni, kwenye taya au shingoni. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kidonda hiki kinastahili uangalizi sawa na kile cha usoni, kwa kuwa mara nyingi kiko pajani, nyongani au mguuni, na watu wa huku huishi kwa miguu yao: kulima miteremko, kuchunga, kufuata maji.

Chanzo kimoja kikubwa cha upandikizaji huu ni moto. Nyanda hizi zina baridi na mafiga huwaka ndani ya nyumba. Isitoshe, utafiti uliofanyika Haydom, wilayani Mbulu, miaka ya 2000 ulionyesha kwamba kifafa ni kingi Mbulu, na kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Anayeanguka motoni huungua uso na shingo, na ile imani kwamba kifafa huambukiza kwa mate huchelewesha watu kumvuta kutoka motoni. Ni imani ya uongo, na inaumiza watu. Shingo iliyoachwa ipone yenyewe huota kovu linalovuta kidevu hadi kifuani.

Kulirekebisha kovu hilo kunahitaji ngozi. Ngozi nyembamba, yenye unene wa milimita 0.2 hadi 0.4, hukwanguliwa pajani. Paja hubaki bichi, na kwa siku za mwanzo huuma kuliko mahali palipopachikwa. Huchukua kama wiki mbili kupona, ngozi mpya ikiota kutoka kwenye vishina vya vinyweleo. Gozi, yaani kitambaa cha kufunikia kidonda, iliyogandamana na damu kavu isibanduliwe kwa nguvu. Ngozi inapoota chini yake, gozi hujiachia pembeni, na muuguzi hupunguza kipande kilichoachia tu. Ikitoa usaha au harufu, hapo huloweshwa na kuondolewa, maana maambukizi hugeuza mkwaruzo kuwa kidonda kirefu. Baadaye huweza kuja muwasho, baka la rangi tofauti na, hasa kwa ngozi nyeusi, kovu nene la keloidi.

Chanzo kingine ni uvimbe wa taya, hasa ameloblastoma, ambao mara nyingi hulazimu kukata sehemu ya taya. Mfupa wa kuziba pengo hilo ukitolewa nyongani, mgonjwa huchechemea kwa wiki kadhaa, damu huweza kuvilia, na upande wa nje wa paja huweza kufa ganzi. Ubavu ukitolewa, hewa inaweza kuvuja na kubana pafu. Mfupa mwembamba wa mguuni, ambao daktari wa upasuaji Hidalgo alieleza mwaka 1989 matumizi yake kwa taya, hujenga taya imara, lakini huweza kukakamaza kifundo na kudhoofisha kidole gumba. Pia unahitaji hadubini ya kuunganishia mishipa ya damu, na wataalamu wake hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa.

Pasipo hadubini, msuli wa kifua, ambao daktari wa upasuaji Ariyan alieleza matumizi yake mwaka 1979, bado ni tegemeo: hugeuzwa kuelekea shingoni ukiwa bado kwenye mshipa wake. Gharama yake ni bega kupungua nguvu na titi kuvutwa. Kwa mchungaji wa Kidatoga anayetembea kutwa na ng'ombe, ni heri kifua kuliko mguu. Kwa mama anayenyonyesha, kifua kiwe cha mwisho kufikiriwa. Daktari aulize kazi ya mgonjwa kabla ya kushika kisu.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, huhudumia watu wanaotoka mbali, na mvua hufanya barabara kuwa ngumu. Kwa hiyo mgonjwa aondoke na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya zahanati ya kwao, na kidonda kisipakwe majivu, samli wala kinyesi cha ng'ombe. Homa, usaha, nyonga inayozidi kuvimba au kukosa pumzi baada ya kutolewa ubavu si mambo ya kusubiri siku ya kliniki: mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.