Uzi: Giza la chini ya daraja la reli ni la nani?

1. Kila msimu wa siasa ukifika, ahadi hii hurudi: "Tutaweka taa." Hata sasa watu wanarushiana maneno humu kuhusu usalama chini ya madaraja ya reli Nairobi. Huyu analaumu kaunti, yule analaumu serikali kuu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tu turudi nyuma kidogo, maana giza hili lina historia.

2. Mimi nimekulia Eastlands. Mamangu aliuza mboga, na saa kumi na moja alfajiri ilibidi apite chini ya daraja la reli kwenda kuchukua mzigo sokoni. Alikuwa na kanuni mbili: usipite peke yako, na usipite karibu na ukuta. Pita barabarani. Yaani aliona heri magari kuliko wakabaji. Watu wengi bado wanapiga hesabu hiyo hiyo kila asubuhi.

3. Sasa historia. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899, na Kisumu 1901. Nairobi haikuwa mji uliopitiwa na reli. Ilikuwa kambi ya reli iliyogeuka mji. Reli ilikuwa na ardhi yake mapema, hata ikajengea wafanyakazi wake nyumba, kama kule Muthurwa. Barabara nyingi zilikuja baadaye, zikapenya pale reli iliporuhusu.

4. Wakati wa ukoloni Waafrika wengi walitengewa makazi upande wa mashariki. Kazi zilikuwa viwandani, kwenye karakana za reli na katikati ya mji. Kwa hivyo kuvuka reli kwa miguu ni safari ya vizazi na vizazi. Lakini tazama madaraja ya zamani: treni ina nafasi yake juu, gari lina nafasi yake chini, na anayetembea anabanwa ukutani.

5. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Mwaka uliofuata Kenya ikaunda shirika lake la reli, likarithi njia, madaraja na ardhi ya kando. Barabara za mitaa na taa zake zikaendelea kuwa mzigo wa baraza la jiji. Tayari hapo ni wenye nyumba wawili.

6. Sheria ya barabara ya 2007 ikaleta mamlaka tatu: ya barabara kuu, ya mijini na ya mashambani. Halafu Katiba ya 2010 ikagawa kazi upya. Reli ni ya serikali ya kitaifa. Taa za barabarani ni za kaunti. Barabara yenyewe inategemea imeorodheshwa kwa nani. Polisi nao ni wa kitaifa. Hesabu basi: daraja moja dogo, wakubwa wanne, na nguzo ya taa katikati yao.

7. Mnakumbuka 2020, kazi kadhaa za Kaunti ya Nairobi zilipohamishiwa serikali ya kitaifa, uchukuzi ukiwemo? Mwaka 2022 zikarudi kaunti. Sibishani na uamuzi huo hapa. Nasema tu kwamba mwananchi aliyetaka kuripoti taa mbovu alilazimika kujifunza mlango mpya mara mbili katika miaka miwili.

8. Mimi mwenyewe nilijaribu kuripoti. Ofisi ya kwanza iliniambia daraja si lao. Ya pili ikasema daraja ni lao, lakini taa si yao. Ya tatu ikaniomba namba ya nguzo. Nikarudi kutazama, nikakuta nguzo ilishang'olewa zamani, limebaki shimo tu. Ungeandika namba gani?

9. Wengine watasema, "Si kuna mulika mwizi?" Ndiyo, zile taa ndefu zimesaidia mitaa mingi. Lakini taa inayomulika kutoka juu haiingii chini ya daraja. Inaangaza pande zote mbili, halafu macho yako yakiingia kivulini hayaoni kitu. Chini ya daraja panahitaji taa yake, iliyofungwa darini au ukutani, ndani ya kizimba cha chuma ili isivunjwe kwa jiwe.

10. Kuna hoja nyingine nzito: "Wananchi wenyewe ndio wanaiba." Ni kweli, vyuma vya kando ya njia na vifuniko vya mitaro huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchini kwa muda, baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa. Lakini wizi si sababu ya kuacha kujenga. Weka nguzo fupi za zege na vifuniko vya zege, vitu ambavyo havina bei kwa muuza chuma.

11. Tena, kifaa kikiwekwa vibaya kinaweza kuwa hatari kuliko kutokuwepo. Bango kubwa mdomoni mwa daraja linamficha anayekuvizia. Nguzo katikati ya njia ya miguu inakusukuma barabarani. Chuma kirefu kisicho na mwanya kinakuzuia kugongwa, lakini ukivamiwa huna pa kukimbilia. Na alama ya urefu wa daraja ikiwa darajani penyewe, dereva wa lori ataisoma akiwa amechelewa. Iwekwe mbali, kabla ya mahali anapoweza kugeuza.

12. Na wachuuzi je? Watu hufurahi wakifukuzwa, "pawe safi." Lakini mama wa chai anayefungua saa kumi na moja ni jicho la mtaa. Kando ya reli Kibera na Mukuru, kulikuwa na mpango wa kuwahamisha watu uliowajengea nyumba na vibanda vya biashara, badala ya tingatinga peke yake. Kumbe inawezekana kumpa mtu nafasi bila kuziba njia.

13. Kwa hivyo mtu akija kwenu na ahadi ya taa, mshangilieni mkitaka, lakini muulizeni maswali matatu. Ardhi ya hapo ni ya nani, na amekubali kwa maandishi? Bili ya umeme italipwa na nani? Taa ikizimika tumpigie nani, na atatengeneza ndani ya siku ngapi?

14. Akijibu "tutashirikiana na wadau," jua bado hajaenda kuuliza.

15. Mamangu alistaafu kuuza mboga. Juzi nilipita pale alfajiri na kumkuta mama mwingine, gunia mgongoni, akitembea barabarani huku matatu zikimpigia honi. Hakusogea upande wa ukuta. Wala singemwambia asogee.