Jua Tunalo, Barafu ni ya Wengine

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakualika twende Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, mkabala na kisiwa cha Mnemba. Mvuvi wa huko kazi ya bahari anaijua. Shida yake huanza pale ngalawa inapogusa mchanga. Samaki aliyevuliwa alfajiri, ikifika adhuhuri katika joto letu hili, ameshaanza kulegea. Mwenye samaki hana budi auze. Mwenye sanduku la barafu anaweza kungoja. Kwa hivyo bei haipangwi na yule aliyelowa usiku kucha, bali na yule aliyekuja na barafu.

Wazee wetu walikuwa na njia zao. Walitia samaki chumvi wakapata ng'onda, walikausha kwa moshi, walikaanga. Dagaa mpaka leo huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani. Lakini chumvi humwongezea samaki umri tu. Haimpi bei ya samaki mbichi anayetakiwa hotelini na sokoni Mjini.

Tutazame historia. Baridi, ndugu msikilizaji, ni biashara ya zamani. Mwaka 1833 Mmarekani Frederic Tudor alipeleka kwa jahazi barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya kwao, kutoka Boston hadi Calcutta, Bara Hindi. Mwaka 1859 Mfaransa Ferdinand Carré akaja na mashine iliyotengeneza barafu kwa kutumia moto. Hapo usishangae. Moto huichemsha amonia iliyochanganywa na maji, ikatoka kama mvuke. Mvuke ukipozwa hugeuka majimaji. Majimaji yale yakiachiwa yawe mvuke tena, hunyonya joto la kila kilicho jirani, na maji huganda.

Sasa sikiliza haya. Mwaka 1875 Sultani wetu Seyyid Barghash alizuru London na Paris. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1878, katika maonesho makubwa ya hapo hapo Paris, mwalimu mmoja aitwaye Augustin Mouchot alisimamisha kioo kikubwa kilichokusanya miale ya jua, akaunganisha na mashine ya Carré, akatoa barafu. Barafu kutokana na jua! Watu walipiga makofi, naye akapewa medali. Kisha makaa ya mawe yakawa rahisi, na elimu ile ikawekwa kabatini. Waliokuwa na makaa hawakuwa na haja ya jua. Sisi wenye jua hakuna aliyetuuliza.

Umeme nao haukuchelewa kufika kwetu. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, hutajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwashwa taa za umeme. Lakini kutoka jumba la Forodhani hadi kijiji cha shamba ni safari ndefu. Kwa miaka mingi kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, mpaka mwaka 1980 waya wa chini ya bahari ulipotuunganisha na bara, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Umeme ule kwa sehemu kubwa ulitokana na nguvu za maji, kama yale ya Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu. Maana yake, barafu yetu ilikuwa ikitegemea mvua za nyanda za juu za bara.

Tukaja kuujua udhaifu wake. Waya ulipata hitilafu mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Nilikuwa mwandishi kijana wakati ule. Giza tulilizoea upesi, kwani kibatari tunakijua. Jambo lililotuumiza zaidi ni baridi. Majokofu yaligeuka makabati, na aliyekuwa na jenereta akawa bwana. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, nasi tunashukuru. Lakini waya ni waya.

Wapo wanaosema jua halifai kwa kuwa usiku halipo, na betri ni ghali. Hoja hiyo ina jibu. Kwa kazi ya barafu huhitaji betri kubwa. Mashine igandishe maji mchana jua likiwa kali, na barafu yenyewe ndiyo akiba ya usiku. Majokofu ya chanjo yanayoendeshwa kwa jua bila betri hutumia hesabu hiyo hiyo.

Na mafuta ya mashine je? Mwaka 1900, Paris tena, injini ya dizeli ilioneshwa ikienda kwa mafuta ya karanga. Huko Bougainville, miaka ya 1990, watu waliozingirwa waliendesha magari kwa mafuta ya nazi. Nazi tunazo, lakini mimi nasihi tahadhari. Nazi yetu ina mchuzi unaoingoja, na ardhi ya kisiwa ni finyu. Tukumbuke Kisarawe, ambako hekta zaidi ya 8,000 zilitolewa kwa ajili ya mbono wa mafuta. Ilipofika mwaka 2011 mradi ulikuwa umekwama, na wanavijiji wamebaki bila ardhi waliyoitegemea. Jua na upepo wa kaskazi na kusi havimnyang'anyi mtu shamba.

Kwa hivyo, ndugu msikilizaji, mtambo wa barafu wa jua ukija Matemwe, tusiulize tu unatoa kilo ngapi. Tuulize ni wa nani. Ukiwa wa mchuuzi, mvuvi atabaki pale pale mchangani akiuza kwa bei ya kuogopa jua. Ukiwa wa wavuvi wenyewe na wake zao, kwa chama chao na daftari lao, basi kwa mara ya kwanza yeye naye ataweza kusema: leo siuzi, nangoja kesho.