Mubashara Si Papo

Neno mubashara lilipokuwa likikaa studio za televisheni sikuwa na ugomvi nalo. Mechi inachezwa Dar es Salaam, mtu wa Kilosa anaitazama dakika hiyohiyo akiwa amebanwa kwenye kibanda umiza, mtangazaji anamwambia inarushwa mubashara. Neno limefanya kazi yake. Ugomvi ulianza lilipotoka studio, likapanda basi la njia ya Iringa na kushuka Mikumi. Siku hizi ukuta wa baa haukosi karatasi inayotangaza "muziki mubashara", na anayeibandika anataka tuelewe kwamba wapigaji watakuja wenyewe, na vyombo vyao, na jasho lao. Yeye simlaumu, kwa maana kafuata waliomtangulia. Ninaowalaumu ni wale wenye mihuri, wanakamati wa istilahi, waliolishika neno la mafundi mitambo wakaligawa kwa kila mwenye spika bila kuuliza linabeba nini.

Tuanze na nasaba yake, maana wanaolitetea hupenda kutukumbusha kwamba lina nasaba. Mubashara ni la Kiarabu. Shina lake ni herufi tatu, b, sh na r, na katika ukoo huo bashara ni ngozi ya juu ya mwili. Humo mmezaliwa bashari, yaani binadamu, kiumbe mwenye ngozi iliyo wazi. Humo zimo pia bishara na kubashiri. Wanaleksikografia wa Kiarabu walieleza zamani kwamba habari njema huibadili ngozi ya uso, ndiyo maana ikaitwa kwa jina la ngozi. Mubashara basi ni mgusano wa ngozi kwa ngozi, na aliyepita madrasa akafika kwenye milango ya fiqhi ya saumu anajua ni mgusano wa akina nani unaozungumziwa humo. Kutoka kwenye ngozi maana ikapanuka: kufanya jambo bila kizuizi, bila mtu wa kati. Redio na televisheni za Waarabu zikaitwaa kwa matangazo yasiyopitia kwenye utepe, nasi tukaipokea kutoka kwenye mlingoti.

Hapo ndipo msomi mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa anapenda kutajwa, huruka na kusema: "Ngozi kwa ngozi! Si ndiyo laivu yenyewe?" Hapana, Mwalimu. Kiswahili hakikuazima ngozi, kiliazima mlingoti. Msemaji wa Kiswahili akisikia mubashara haoni ngozi ya mtu, anaona kamera, kebo na dishi. Neno la kuazima huja na maana iliyokuwa mdomoni mwa aliyetuazima siku ile, na zile za mababu zake hubaki kwao.

Nathibitisha kwa mifano miwili, na anayeweza kuivunja aivunje. Wa kwanza: bendi za dansi za miaka ya 1960 na 1970, zikiwamo zile zilizoipa Morogoro jina, ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na kurekodi wapigaji wote wakiwa pamoja, gitaa, tarumbeta, ngoma na waimbaji kwa mkupuo. Wimbo ukahifadhiwa kwenye utepe na kurushwa baadaye. Je, muziki ule ulipigwa laivu? Bila shaka. Ulirushwa mubashara? Haukurushwa. Wa pili: msanii wa leo anapanda jukwaani kwenye sherehe inayoonyeshwa na televisheni, fundi anabonyeza wimbo uliorekodiwa mwaka jana, msanii anachezesha midomo na kuinua mkono. Inarushwa mubashara? Naam, nchi nzima inaona. Ni laivu? Muulize aliyelipa kiingilio. Basi tuna kitu ambacho ni laivu na si mubashara, na kingine ambacho ni mubashara na si laivu. Maneno mawili yakiweza kutengana hivyo, kuyaita visawe ni uvivu uliopigwa muhuri.

Uvivu huu una gharama. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu 2004, limejijengea jina kwa kushikilia kwamba jukwaani watu wapige kweli, si kuigiza juu ya wimbo uliorekodiwa. Msimamo huo mzima unategemea tofauti ambayo mubashara haiwezi kuieleza. Ukitafsiri sharti lao kwa neno la kamati, mwenye pleibeki atakuja mradi kamera zimewaka, naye atakuwa na haki kabisa.

Tuwapitie washindani wengine, kwa adabu. "Muziki wa moja kwa moja" ni msemo wa heshima wa watangazaji wa zamani, lakini nao ni wa mawimbi, na ukiutoa kwenye redio unamaanisha muziki usiopumzika. "Muziki hai" ulitafsiriwa herufi kwa herufi na mtu aliyekuwa na haraka. Ukiukubali, sharti pia ukubali kwamba santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 ni muziki mfu, na mimi siko tayari kumwambia hivyo mtu yeyote wa Unguja. "Muziki wa hadhara" una mizizi mizuri, una ndugu zake hadhira na mahudhurio, ila siasa imeshauoa. Jimbo la Mikumi liliwahi kuwa na mbunge ambaye ni msanii, Joseph Haule, Profesa Jay, kuanzia 2015 hadi 2020. Ukisema Profesa Jay ana hadhara jioni, watu wa Ruaha na Kidodi hawatajua kama waende kusikiliza mistari au ahadi.

Limebaki "laivu". Hili nalivulia kofia, kwa sababu halikupita kamati yoyote. Limeingia kwa miguu yake na limezaa: mtu huchanwa laivu, hukataliwa laivu, hukamatwa laivu. Lakini kwa kuzaa huko limehama. Laivu ya mtaani leo ni uwazi, ni kusema usoni pasipo kuficha. Kama istilahi limelegea. Msemaji mwenye lugha ya watu milioni nyingi hana sababu ya kulikumbatia wakati kabatini mwake mna neno lililokwisha kushonwa kwa kipimo.

Neno hilo ni papo. Nasema: muziki wa papo, onyesho la papo, kupiga papo.

Lipime. Ngeli ya mahali katika Kiswahili ina milango mitatu. Ku ni kule kusiko na mipaka, mu ni ndani, pa ni mahali panapojulikana, unapoweza kupagusa kwa kidole. Mlango wa pa ni wa kale kuliko Kiswahili chenyewe. Upo katika lugha za Kibantu huku na huku, na Wakaguru wa Berega wanao, isipokuwa wao huutamka ha. Sasa tazama kiambishi -po kinachozaliwa humo. Ukisema "alipo" unataja mahali. Ukisema "alipofika" unataja wakati. Kiambishi kilekile, bila kubadilisha hata sauti, kinashika mahali kwa mkono mmoja na wakati kwa mwingine! Na je, laivu ni nini kama si hilo? Ni mpigaji na msikilizaji kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mubashara ina wakati lakini haina mahali. Hadhara ina mahali lakini haina uhakika wa kinachofanyika hapo. Papo ina vyote viwili, tena imevirudufu, pa na po, kama mtu anayegonga meza kusisitiza. Wazee waliliweka hata kwenye methali: papo kwa papo kamba hukata jiwe. Hapo papo ni pahali palepale, na marudio yake ndiyo muda unaopita. Sarufi imefanya kazi ambayo kamati ingehitaji semina.

Najua vijembe vilivyoandaliwa. Cha kwanza ni kwamba papo limekwisha chukuliwa na ajali na polisi: "alifariki papo hapo", "faini ya papo kwa papo". Nami nakaa mkoa ambao barabara yake kuu inapita katikati ya hifadhi ya wanyama, sihitaji kukumbushwa habari za ajali. Lakini vifungu hivyo vinanishuhudia mimi. Aliyefariki papo hapo amefariki mahali hapo na wakati huo. Ndiyo maana yenyewe. Cha pili kinatoka kwa walimu wa fasihi simulizi: papo kwa papo ni utungaji wa hapohapo, kama malenga wanaojibizana bila kuandika. Ni kweli, na tuuachie utungaji huo urudufu wake. Papo moja iwe ya upigaji, papo kwa papo iwe ya utungaji. Bendi inayopiga wimbo wa mwaka 1970 kwa nota zake zote imepiga papo. Mwimbaji akizua ubeti juu ya mwenye baa aliyechelewesha supu, hapo ameimba papo kwa papo. Nioneshe lugha nyingine yenye upambanuzi huo kwa silabi chache namna hiyo.

Pendekezo hili niliwahi kuliandika na kulipeleka panapohusika, likiwa na vielelezo. Jibu lilikuwa kwamba limepokelewa. Halijasemwa lolote tangu hapo, ila katika warsha moja nilimsikia mtu akieleza mahali na wakati katika -po kwa maneno niliyoyatambua, kisha akahitimisha kwa kupendekeza mubashara. Kuibiwa hoja kunavumilika. Kuibiwa hoja ikatumiwa kumtetea mshitakiwa ni jambo jingine.

Wapo watakaouliza kama muziki wa kompyuta unaweza kuwa wa papo. Ndipo mubashara inapoumbuka zaidi. Singeli imekua mikononi mwa vijana wa Dar es Salaam wanaojirekodia wenyewe, bila kampuni, katika vyumba kama Sisso Studios. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, na majukwaa ya Ulaya yakaanza kuwaita akina MCZO na Duke. Mapigo ya singeli huvuka 200 kwa dakika. Mzazi wake wa karibu, mchiriku, ulipigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vibovu. Kundi la Jagwa Music liliutembeza ng'ambo na albamu yao ya Bongo Hotheads ya 2012. Wapenzi wa gitaa husema mtu aliyeinamia kompyuta ndogo hapigi kitu. Mimi nasema tazama vidole. Kama anakata, anaharakisha, anarudisha nyuma kwa kumfuata mwimbaji na vumbi la wachezaji, huyo anapiga papo, awe na nyuzi au asiwe nazo. Kama amechomeka flashi na kukunja mikono, hapigi papo, hata akivishwa gitaa shingoni. Istilahi nzuri haiulizi chombo kimetengenezwa na nini, inauliza nani anakiendesha, wapi, saa ngapi.

Na huku kwetu swali hilo si la kitaaluma. Muziki mpya unafika Berega kabla ya mpigaji wake: kwenye memori kadi iliyojazwa nyimbo siku ya mnada, kwenye redio ya bodaboda, kwenye simu ya kijana aliyerudi kutoka mjini. Disko vumbi linafuata, na jenereta na spika za kukodi. Kwaya nazo zina video ambamo waimbaji wanacheza juu ya sauti zao wenyewe zilizorekodiwa, na zina Jumapili ambapo wanaimba kweli, kinanda kikiwasindikiza. Vyote hivyo ni halali, na baadhi ni vitamu. Lakini kijana anayetoa nauli kwenda Kilosa au Mikumi kumsikia msanii aliyemgundua kwenye memori kadi ana haki ya kujua kutoka kwenye karatasi ya ukutani kama anakwenda kumkuta mtu au anakwenda kukuta faili lilelile lililo mfukoni mwake, kwa sauti kubwa zaidi. Mubashara haimwambii. Papo inamwambia.

Matumizi, kwa kifupi: muziki wa papo, bendi ya papo, rekodi ya papo kwa ile iliyonaswa ukumbini, na mubashara irudi kwenye matangazo, ambako inaheshimika. Onyesho la papo likirushwa na televisheni wakati uleule, sema "onyesho la papo, mubashara", na kila neno litalipwa mshahara wake. Kamati ikipenda inaweza kulipitisha papo bila kunitaja. Ninachokataa ni kwamba lipitishwe kwa kikao kisha waandike kwenye taarifa kwamba limebuniwa mubashara.