Bakteria wa utumboni na kisukari: Kwa nini mtama una faida kuliko sembe

Wapagazi waliopita Tabora wakibeba pembe kutoka Ujiji hadi Bagamoyo katika karne ya 19 walipewa posho ya nafaka, kwa kawaida kibaba kimoja kwa siku. Mtama na uwele wa Unyamwezi, pamoja na kunde na mlenda, vina nyuzinyuzi nyingi ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga. Hufika katika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko huwa chakula cha bakteria.

Bakteria hao huzichachua na kutoa asidi, mojawapo ikiwa butireti, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo na kuchochea homoni zinazosaidia kongosho kutoa insulini. Nyuzinyuzi zikikosekana, ukuta huo hudhoofika, masalia ya bakteria hupenya katika damu, na insulini hupungua nguvu.

Mwaka 2012 watafiti nchini China, waliochunguza watu 345, walibaini kuwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walikuwa na upungufu wa bakteria watoao butireti. Hata hivyo, mwaka 2015 ilibainika kwamba metformini, dawa ya wagonjwa wenyewe, nayo hubadilisha bakteria hao. Kwa hiyo si kila tofauti ni chanzo cha ugonjwa.

Hapa nchini, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta wastani wa aina 730 za vijidudu katika utumbo wa Mhadza mmoja, dhidi ya 277 kwa mkazi wa California. Mkoani Kilimanjaro, wanaume wa vijijini waliolishwa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili tu walionyesha dalili za uvimbe katika damu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2025.

Mlaji wa sembe mjini Tabora hula mahindi yaliyoondolewa pumba, yaani sehemu ile ile bakteria wanayoihitaji. Dona ni afadhali, na mtama pia.

Asali ni jambo jingine. Wapo wanaoamini kuwa asali ya misitu ya Tabora haimdhuru mgonjwa wa kisukari. Ukweli ni kwamba sehemu yake kubwa ni glukosi na fruktosi, na hupandisha sukari mwilini. Wahadza huila kwa wingi, lakini hutembea kutwa kuitafuta.

Mgonjwa anayebadili chakula hana budi kuendelea na dawa zake na kupima sukari mara kwa mara, kwani anayetumia insulini huenda akahitaji daktari ampunguzie kipimo.