Kadi ya Chama Mlangoni pa Msikiti na Kanisa

Wasikilizaji wapenzi wa Kasongo na wa Kabambare, na ninyi wa vijiji vya katikati mnaotusikiliza mkitoka mashambani: salamu aleikum, na Yesu asifiwe. Ninasalimu namna zote mbili kwa sababu nyumba nyingi za kwetu ndivyo zilivyo. Mjomba anafundisha Kurani, binti yake ameolewa kwa katekista. Hata jina halikuonyeshi kitu, maana Ramazani waweza kumkuta akipiga kengele ya misa. Basi ni nani aliyetuambia kwamba chama hiki ni cha Waislamu na kile ni cha Wakristo?

Wengine husema ugomvi ulianza na vita vya Waarabu. Wazungu waliandika kwamba ile ilikuwa vita ya msalaba, ya kuwakomboa watumwa. Watumwa walikuwako, hilo hatulifichi. Wazee wetu walipita hapa wamefungwa minyororo. Lakini tazameni nani alipigana na nani. Mwaka 1887 Leta ya Leopold II yenyewe ilimfanya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, kuwa liwali wake wa Stanley Falls. Miaka mitano baadaye Leta hiyo ilikuwa vitani na mwanawe Sefu. Gongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, aliwaacha Waarabu mwaka 1892 akasimama upande wa Dhanis. Nyangwe ikaanguka mwezi wa tatu 1893, Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne, Kabambare mwanzoni mwa 1894. Na Gongo alipata nini? Mwezi wa tisa 1893 maofisa wa Leta ile ile walimhukumu wakampiga risasi. Mimi katika habari hiyo naona pembe za ndovu kuliko naona Mungu.

Jeraha lililobaki, kwa maoni yangu, ni la shule. Mwaka 1906 Leopold alipatana na Roma, misioni za Kikatoliki zikapewa ardhi na kazi ya kufundisha. Mtoto wa Mwislamu akitaka kusoma ilimpasa apite mlango wa misioni, na wazazi wengi waliogopa atarudi na jina la ubatizo. Waliona heri abaki nyumbani. Shule za Leta zisizo za dini zilifunguliwa baada ya 1954 tu, waziri Buisseret alipoingia, na uhuru ulikuwa umebakiza miaka sita. Kwa hiyo mwaka 1960 makarani na walimu walitoka zaidi upande mmoja. Si kwamba wengine walikosa akili. Walikosa mlango. Na mwanasiasa akiona kuni kavu kama hizo, hahitaji kiberiti kikubwa.

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, Maniema ilimfuata Lumumba na chama chake cha MNC kwa nguvu. Waislamu wengi walikuwa humo, na Wakristo pia. Chama kilichopendwa na wakubwa wa Kibelgiji kilikuwa PNP, na watu walikigeuza jina kwa dhihaka: chama cha weusi waliolipwa. Mzaha, wasikilizaji. Watu walicheka sokoni.

Angalieni sasa mzaha huo ulifika wapi. Mwaka 1964 Simba wa Soumialot walipanda kutoka upande wa Fizi, wakaingia Kabambare na Kasongo, wakachukua Kindu mwezi wa saba. Wakati huo PNP kama chama haikuwa na nguvu tena, lakini neno lilikuwa hai. «PNP» likawa jina la karani, la chifu, la mwalimu, la yeyote aliyevaa suruali nzuri au aliyekuwa na deni na jirani yake. Mtu alinyoshewa kidole akaitwa PNP, na ikatosha auawe. Mwenye kadi ya MNC aliitoa mfukoni ili apone. Kisha tarehe 5 mwezi wa kumi na moja jeshi la Leta na mamluki wakarudi Kindu, na kadi ile ile iliyomwokoa mtu mwezi wa nane ikawa ushahidi wa kumwua. Msikiti haukumkinga mtu, wala msalaba. Dini iliyotawala vita ile ilikuwa maji ya dawa, waliyoyaita mai Mulele, na aliyenyunyiziwa hakuulizwa anasali wapi.

Mobutu naye alituunganisha kwa chama kimoja, MPR, kuanzia 1967. Hata mtoto tumboni alihesabiwa mwanachama. Ilipofika tarehe 24 mwezi wa nne 1990 akaruhusu vyama vingi, na viongozi wa dini wakajikuta na wageni wengi wenye magari. Sisemi padri na shehe wanyamaze. Monsenyeri Munzihirwa, aliyekuwa askofu wetu hapa Kasongo kabla ya kupelekwa Bukavu, hakunyamaza, akauawa huko Bukavu tarehe 29 mwezi wa kumi 1996. Lakini yeye aliwasemea watu, hakuuza kadi. Upande wa pili, kumbukeni Idi ya tarehe 13 mwezi wa tano 2021 kule Kinshasa: Waislamu kwa Waislamu waligombania uongozi wa jumuiya yao mbele ya Stade des Martyrs, polisi mmoja akapoteza uhai. Na kule Salamabila, vijana wenye bunduki walijiita Malaika, na mkubwa wao aliitwa shehe. Mama anayekimbia na godoro kichwani atamwuliza nani maana ya jina hilo?

Basi mgombea akija Ijumaa na mchele, akija Jumapili na mifuko ya saruji, pokeeni mchele, pokeeni na saruji. Ni mali yenu imerudi kidogo. Kisha mwambieni akae chini. Mwulizeni shule ya kijiji chenu ina walimu wangapi waliolipwa mwezi uliopita. Mwulizeni dhahabu ya Namoya imeacha nini Kabambare. Na mwulizeni jambo moja zaidi, mbele ya imamu na padri wote wawili: yale aliyoyasema msikitini siku ya Ijumaa, atayarudia kanisani maneno yale yale?