Trepani: Keekee ya Seremala Kichwani mwa Mgonjwa

Trepani ni jina la kale la upasuaji wa kutoboa fuvu la kichwa, na vilevile la chombo kilichotumika kutoboa. Asili yake ni neno la Kigiriki trypanon, yaani keekee, kifaa cha seremala na cha fundi wa vyombo vya baharini. Mshairi Homer anaitaja katika utenzi wake Odyssey ikitoboa ubao wa merikebu: fundi mmoja ameishikilia, wenzake wanavuta mkanda huku na huku ili izunguke. Matabibu waliichukua kutoka karakana pamoja na jina lake, likapita katika Kilatini hadi Kifaransa.

Upasuaji wenyewe ni mkongwe kuliko jina. Huko Ensisheim, Ufaransa, lilifukuliwa fuvu la miaka ipatayo 7,000 lenye matundu yaliyoota mfupa mpya kingoni, ishara kwamba mgonjwa aliishi baada ya kupasuliwa. Wakisii wa Kenya nao walikuwa na omobari, mganga aliyewatibu watu wenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha baada ya kupigwa au kuanguka. Yeye aliukwangua mfupa taratibu.

Wagiriki walitoboa, na maagizo yao yanastahili heshima hata leo. Maandishi kuhusu majeraha ya kichwa yanayohusishwa na tabibu Hippocrates yanaonya kwamba keekee inapozunguka hupata moto, na moto huo huunguza mfupa. Basi mpasuaji aitoe mara kwa mara na kuichovya kwenye maji baridi. Apime kina cha tundu kadiri anavyoendelea, wala asikimbilie kufika kwenye utando wa ubongo. Heri aache ganda jembamba la mfupa lililobaki liachie lenyewe. Celsus, Mrumi wa karne ya 1, anaeleza pia chombo cha pili: mwanzi wa chuma wenye meno ukingoni na msumari katikati wa kuuzuia usiteleze.

Katika karne ya 17, Mwingereza John Woodall, mpasuaji wa Kampuni ya India Mashariki, alitengeneza chombo chepesi cha kuzungushwa kwa mkono mmoja. Alikiita trefaini, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya ncha tatu.

Keekee hiyohiyo ya Kigiriki ilizaa jina jingine mwaka 1843, tabibu David Gruby alipoona katika damu ya chura kimelea kilichojisokota kama parafujo, akakiita Trypanosoma. Vimelea wa jamii hiyo ndio wanaosababisha malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.